Aliyejaza Fomu ya Saada

Jumamosi, 13 Julai

Daftari hili nilipewa na Bi. Judica, afisa elimu wa kata yetu, ili niandikie mahudhurio. Mahudhurio yamechukua nusu ukurasa. Kurasa zilizobaki nitaziandikia mambo ninayoyaona, kwa sababu leo nimeona mambo ambayo sikuyatarajia.

Judica ni mwenyeji wa Same na ana mwaka mmoja tu hapa Songea. Alikuja kwangu wiki iliyopita. "Shikamoo, Mwalimu Epifania. Vijana wetu waliomaliza kidato cha sita wamekaa tu mtaani. Matokeo yametoka, vyuo vinafunguliwa Oktoba, na hakuna anayewaambia chochote. Wewe umefundisha miaka thelathini na moja. Waambie." Nikakubali. Nina umri wa miaka sabini na moja, afya ninayo, na sipendi kuona kijana anatumwa mahali bila maelekezo.

Tutakutana kila Jumamosi saa nne asubuhi katika ukumbi wa ofisi ya kata. Leo wamekuja kumi na tisa. Baridi ilikuwa kali, na ukungu ulifunika milima ya Matogoro hadi saa tano. Niliandaa nasaha kumi na nne, nikaziandika ubaoni kwa mpangilio: salamu, mavazi, ibada, saa za kulala, na nyingine. Kabla sijafika ya tatu, kijana mmoja mrefu, jina lake Valence, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, chuoni kengele ya kuamka inagongwa saa ngapi?"

"Chuoni hakuna kengele ya kuamka."

"Ya chakula je?"

"Hakuna."

"Ya kulala?"

"Hakuna, Valence."

"Sasa tutajuaje?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza kwa dhati, na nilipowatazama wale waliocheka niliona kwamba nao walikuwa wakisubiri jibu.

Jumamosi, 20 Julai

Kumi na tisa. Baridi.

Niliweka nasaha zangu pembeni, nikauliza maswali mepesi. Nani amewahi kwenda hospitali peke yake? Mikono minne. Nani anaweza kupika wali wa kutosha watu watatu? Mikono miwili, yote ya wasichana. Nani amewahi kusafiri nje ya mkoa bila mzazi au mwalimu? Mmoja. Hawa ni watu wenye umri wa miaka ishirini. Wanajua kukokotoa kasi ya kitu kinachoanguka kutoka mlimani, lakini hawajawahi kununua dawa ya kichwa. Nimestuka.

Baada ya kipindi alinifuata Saada Abdulatifu, binti wa mkulima wa korosho wa Tunduru, ambaye anakaa kwa shangazi yake mtaani Bombambili. Amefaulu sayansi kuliko wote. Alitaka ushauri kuhusu fani ya kuomba. Alianza kutaja habari za mawe na miamba. Nikamwambia kwamba mtoto wa kike hana haja ya kushinda porini na nyundo. Kwa alama zake, aombe famasia. Akasema, "Sawa, Mwalimu." Hana ubishi. Laiti wote wangekuwa hivyo.

Wengine waliuliza maombi yanajazwa wapi, kwa kuwa siku hizi kila kitu hufanyika katika kompyuta. Nikawaelekeza kwa Dennis, mtoto wa marehemu dada yangu Getruda, mwenye steshenari karibu na soko. Nilimlea na nilimfundisha. Anaifahamu kazi yake.

Jumatano, 24 Julai

Nimepita kwa Dennis kununua kalamu. Foleni ilifika barazani. Vijana wetu walisimama wameshika bahasha, na Dennis alikuwa nyuma ya kompyuta akiwaita kama karani wa mahakama.

"Anayefuata! Leta cheti. Namba ya mtihani. Unataka nini?"

"Famasia, kaka."

"Famasia. Na nyingine?"

"Nyingine sijui."

"Nitakuwekea. Namba ya simu?"

"Laini yangu imepotea."

"Nitaweka ya ofisi. Haya, tayari. Anayefuata!"

"Dakika kumi kila mmoja, Mama mdogo," aliniambia kwa fahari. Nami nilifurahi. Kila kitu kilikuwa na utaratibu.

Jumamosi, 3 Agosti

Kumi na saba. Vumbi. Watu wanachoma nyasi milimani na macho yanawasha.

Jumamosi, 10 Agosti

Leo niliwapa kila mmoja kipande cha karatasi. Niliwaagiza waandike majina ya fani walizoomba na chuo kilipo. Nilidhani ni zoezi la dakika mbili.

Waliohudhuria walikuwa kumi na tisa. Kumi na mmoja waliandika "Sijui" au waliacha karatasi tupu. Mmoja aliandika "Shahada". Valence aliandika "Dennis anajua".

Nikamsimamisha. "Valence, utakaa chuoni miaka mitatu ukisoma kitu. Kitu gani?"

"Mwalimu, si nitaambiwa nikifika?"

"Na nani?"

"Na wenyewe."

Niliwakaripia kwa nusu saa. Niliwaambia kwamba hata mbuzi akipelekwa mnadani huvuta kamba. Wanajua kukaripiwa, walikaa vizuri, mikono juu ya magoti, wakisubiri nimalize.

Mchana nilikwenda kwa Dennis. Alinitolea kiti, akanituliza. "Wote wako salama, Mama mdogo. Fani zao ninazo humu." Akagonga kompyuta. Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira juu ya vijana, si juu yake.

Jumamosi, 24 Agosti

Tumepika nyuma ya ofisi ya kata. Sufuria sita, mafiga ya matofali. Judica alileta mchele, mimi nilileta maharage. Wali wa Valence ulikuwa mbichi juu na mkaa chini.

"Huu umesoma sana," Saada alimwambia, "mpaka umeungua."

"Acha dharau, dada. Chuoni nitaoa mapema."

"Nani atakukubali na wali huu?"

Nilicheka. Sikuandika mahudhurio.

Jumamosi, 7 Septemba

Kumi na nane. Joto limeanza. Dennis amefunga duka na kwenda Tunduru, kama afanyavyo kila msimu, kuwa karani wa mizani katika ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho.

Jumamosi, 14 Septemba

Majina ya waliochaguliwa yametoka. Judica aliyafungua katika kompyuta ya ofisi, na ukumbi mzima ukamzunguka hata hewa ikakosekana.

Saada amechaguliwa mara mbili. Jina lake limo katika famasia, na limo katika ualimu wa sayansi, fani ambayo hakuiomba. Wapo wengine saba waliopata nafasi zaidi ya moja. Judica alieleza utaratibu: aliyechaguliwa mara mbili anatumiwa namba ya uthibitisho kwa simu, naye anaitumia kuchagua chuo kimoja. Mwisho ni Jumamosi ijayo. Asiyethibitisha hadi siku hiyo ataikosa nafasi.

"Haya, angalieni simu zenu," alisema Judica.

Wakaangalia simu zao. Hakuna aliyekuwa na ujumbe.

"Saada, uliandikisha namba gani?"

"Kaka Dennis aliweka ya ofisi."

"Na wewe?"

"Ya ofisi."

"Na wewe?"

Wote wanane. Namba moja. Laini moja ya mtu mmoja, ambaye yuko ghalani Tunduru. Hata neno la siri la kuingia katika maombi yao wenyewe hakuna anayelijua ila yeye.

Judica alinitazama. "Mwalimu, ni nani aliyewapeleka huko?"

Nilijibu ukweli. Mimi.

Jumatatu, 16 Septemba

Simu ya Dennis haipatikani. Nimepiga mara kumi na nne tangu jana. Saada amezungumza na baba yake, Mzee Abdulatifu, ambaye analijua ghala. Anasema huko mtandao ni wa kubahatisha. Siwezi kuliacha jambo hili mikononi mwa simu. Kesho nitakwenda mwenyewe, na Saada atakwenda nami.

Jumanne, 17 Septemba. Tunduru

Tuliondoka Songea saa kumi na mbili asubuhi, tukafika karibu saa sita. Ghala liko nje ya mji, na hakuna namna ya kulifikia ila kwa bodaboda. Katika maisha yangu sijawahi kupanda. Leo nimepanda, nimekaa upande, nimemshika mkanda kijana nisiyemjua jina.

Dennis alikuwa amekaa juu ya magunia matupu, kalamu sikioni. Aliponiona akaruka.

"Shikamoo, Mama mdogo! Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Namba ya uthibitisho ya Saada iko wapi?"

Akashusha pumzi na kucheka. "Ah! Umenitisha. Mbona yeye nimeshamthibitishia?"

"Umethibitisha nini?"

"Ualimu."

"Nani alikwambia ualimu?"

"Hakuna. Ila famasia ni ngumu, Mama mdogo. Watu wanashindwa mwaka wa kwanza wanarudi nyumbani. Ualimu hauna mashaka. Nimewathibitishia wote waliopata zaidi ya moja. Ujumbe uliingia siku moja, nikapanda kile kichuguu kutafuta mtandao, nikawamaliza wote."

Alisema "nikawamaliza" kwa sauti ya mtu aliyefanya wema. Saada alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

Nilipandisha sauti. Wabeba magunia waliacha kazi wakatutazama. Nilimwambia Dennis kwamba amefanya jambo la hatari, kwamba mtoto wa watu amekesha miaka sita na vitabu, na kwamba yeye amempangia maisha juu ya kichuguu. Nikamuuliza, "Ni nani aliyekupa mamlaka ya kumchagulia mtu?"

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Wewe, Mama mdogo."

"Mimi?"

"Kidato cha nne. Selifomu."

Yeyote aliyesoma sekondari nchini mwetu anaijua fomu hiyo: mwanafunzi huandika tahasusi, yaani masomo matatu, na shule anazotaka kwenda kidato cha tano. Mimi ndiye niliyezikusanya shuleni kwetu, miaka mingi.

"Nilijaza," Dennis alisema. "Ukaniita ofisini. Ukasema, 'Hii haikufai.' Ukatoa wembe kwenye boksi la chaki, ukakwangua nilichoandika, ukaandika HKL kwa mkono wako. Ukasema siku moja nitakushukuru."

Nilitaka kumwambia kwamba anasema uongo. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Kisha nikakumbuka wembe. Ulikuwa nusu wembe, nao nilikuwa nao kila mwaka wakati wa kukusanya fomu, maana wino ulikuwa haufutiki kwa raba. Sikuutumia kwa Dennis peke yake. Niliutumia kwa yeyote niliyeona amekosea kujijua. Niliandika Historia, Kiswahili na Kiingereza juu ya ndoto za watu, kwa mwandiko mzuri, nikaenda nyumbani nikala na nikalala.

"Wewe ulikuwa umeandika nini?" nilimuuliza.

"Sikumbuki."

"Huwezi kusahau jambo kama hilo, Dennis."

"Mama mdogo, nakumbuka wembe. Nakumbuka ule unga wa karatasi, ulivyoupuliza. Kilichokuwa chini yake sikikumbuki. Nimejaribu." Akatoa kalamu sikioni, akairudisha. "Ndiyo maana huwa siwaulizi sana hawa watoto. Naona kama nawapunguzia kazi."

Nilikaa juu ya magunia. Sikumwomba ruhusa, na yeye ndiye karani.

Akaingia ndani ya ghala, akatoka na simu ndogo ya zamani. Hakunipa mimi. Alimpa Saada. "Chukua, dada. Ujumbe wenu wote umo. Wa kwako ni wa tatu. Maneno ya siri nimeyaandika kwenye karatasi hii. Unaweza kufuta uthibitisho kabla ya Jumamosi, ukathibitisha famasia."

Nilijiambia kwamba angalau hilo limeokoka. Famasia itarudi.

Tumelala kwa Mzee Abdulatifu.

Jumatano, 18 Septemba. Tunduru

Sikupata usingizi mzuri. Baada ya chai nilimwita Saada, tukakaa na baba yake kwenye jamvi. Korosho za kwanza zilikuwa zimeanikwa uani, na mabibo yake yalikuwa na nzi.

Nilimuuliza swali ambalo nilidhani ni la kukamilisha utaratibu tu. "Saada, tumekuja kuirudisha famasia. Lakini baada ya niliyoyasikia jana, sina budi kukuuliza. Wewe mwenyewe unataka kusoma nini?"

"Utakachosema, Mwalimu."

"Sijauliza nitakachosema mimi."

Akamtazama baba yake. Mzee Abdulatifu alikuwa anamenya bibo. "Sema, mwanangu. Mwalimu kapanda bodaboda kwa ajili yako."

"Jiolojia," alisema Saada.

Baba yake aliacha kisu.

"Mwalimu, nilikwambia mwezi wa saba. Nilianza kukwambia." Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo lilinichoma zaidi. "Ukasema famasia. Kwa hiyo nilipofika kwa kaka Dennis nikasema famasia."

Nimeandika katika daftari hili hili, tarehe ishirini Julai, kwamba hana ubishi. Nimeyasoma tena maneno hayo asubuhi hii. Nimesafiri mkoa mzima kumkomboa binti huyu kutoka kwa mtu aliyemchagulia, na kitu nilichokuja kukikomboa ni changu.

"Mawe?" Mzee Abdulatifu alisema. "Mawe, Saada? Hukumwona baba yako mdogo Azizi?" Akanigeukia. "Mdogo wangu, Mwalimu, alichimba vito miaka saba ng'ambo ya mto Muhuwesi. Karudi na kifua kibovu na kopo la kokoto. Hapa mawe wanachimba wendawazimu."

"Baba mdogo alichimba pale kwa sababu aliota ndoto," Saada alisema. "Ndoto, baba! Miaka saba. Hakuna aliyemwambia pale mwamba wake ni wa namna gani. Mimi nataka kujua kabla ya jembe kushuka."

Mzee akacheka kidogo, kwa huzuni. "Akiwa mdogo alikuwa akirudi madrasa mkoba umejaa mawe. Mama yake anatafuta msahafu, anakuta changarawe. Mimi sijui chuo, Mwalimu. Wewe unaonaje?"

Wote wawili wakanitazama.

Hali ilikuwa hivi. Jiolojia hakuiomba popote. Ili aiombe, lazima afute uthibitisho wa ualimu, asithibitishe famasia, aziachie nafasi zote mbili, kisha aombe upya katika awamu ya pili, ambako nafasi ni zile zilizobaki. Akikosa, hana kitu mwaka huu.

"Ukifuta, mkononi utakuwa mtupu," nilimwambia.

"Najua."

"Huenda jiolojia imejaa."

"Najua, Mwalimu. Unanishauri nisifute?"

Nilikuwa na jibu. Sijawahi kukosa jibu. Nilihisi mkono wangu unataka kuichukua ile simu, kama ulivyokuwa ukiuchukua ule wembe, kwa nia njema.

"Sijui," nilisema.

Sikumbuki kama niliwahi kumwambia mwanafunzi neno hilo.

Saada alisimama, akaenda kwenye mti wa korosho ambako mtandao hushika. Tulimwona akibonyeza. Akarudi, akaweka simu juu ya jamvi.

"Nimefuta. Zote mbili."

"Inna lillahi," alisema baba yake taratibu, kama mtu aliyesikia kifo cha jirani. Saada peke yake ndiye aliyeinuka kwenda kugeuza korosho.

Jumamosi, 21 Septemba

Kumi na tisa. Nilisimama mbele yao na ile karatasi ya Dennis. Niliwaeleza wale saba, mmoja mmoja, nini kimethibitishwa kwa jina lake na nani. Niliwaambia pia kwamba mimi ndiye niliyewatuma huko, na kwamba jambo hili mimi mwenyewe nililifanya kwa wembe kwa miaka mingi. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Hawajazoea kumwona mwalimu akikiri.

Walikuwa na hadi jioni kubadilisha. Wawili walibadilisha. Mmoja alilia, akaacha kama ilivyo. Valence alikuta amewekwa kwenye uhifadhi wa wanyamapori.

"Wanyamapori, Mwalimu? Mimi naogopa mbwa."

"Badilisha basi. Ile nyingine ni uhasibu."

Alikaa kwenye kona ya ukumbi saa nzima, karatasi mkononi, midomo ikicheza. Kisha akaja. "Nimefikiri. Uhasibu naogopa zaidi. Nabaki na tembo." Nikajiuma ulimi. Tembo! Lakini alikuwa amefikiri saa nzima, na tangu Julai sikuwahi kumwona akifikiri hata dakika.

Jumanne, 24 Septemba

Saada amejaza maombi ya awamu ya pili katika ofisi ya Judica, kwa mkono wake, kwa namba yake, kwa neno lake la siri. Imemchukua saa mbili na nusu. Alikosea mara tatu na kuanza upya. Ameomba jiolojia Dodoma. Chini yake ameandika famasia. Nilitaka kuuliza kwa nini famasia tena. Nikatoka nje nikatazama barabara.

Jumamosi, 28 Septemba

Kumi na wawili. Wengine wanafungasha. Sikutoa nasaha. Tulizungumza tu.

Jumanne, 1 Oktoba

Dennis amerudi kwa siku mbili kuchukua nguo. Ameweka kiti cha pili mbele ya kompyuta yake, upande wa mteja. Sikumsifu. Alinipa soda.

Jumamosi, 5 Oktoba

Joto kali. Majina hayajatoka. Mzee Abdulatifu amepiga simu mara mbili. Anauliza hali ya hewa ya Songea.

Jumatatu, 7 Oktoba

Bado.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo saa nne asubuhi mlango wangu ulibishwa. Saada, peke yake, kwa miguu kutoka Bombambili. Vumbi lilimfika magotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Yametoka?"

"Yametoka."

Nilivuta kiti, na kiti kikanikwepa, nikakikamata.

"Nimepata," alisema. "Zote mbili. Jiolojia na famasia. Namba ya uthibitisho imekuja kwenye simu yangu."

Naandika ukweli kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Aliposema famasia moyo wangu uliruka kwa furaha. Baada ya yote yaliyotokea, ulirukia huko. Nilimwona tayari na koti jeupe, katika chumba safi, akirudi Songea. Nilikuwa na sababu saba, zote nzuri, na zilijipanga kinywani kama wanafunzi kwenye mstari. Nilistuka kwamba bado zimo.

"Umemwambia baba?"

"Nimemwambia. Amesema nitakachochagua, yeye atakiombea dua."

"Basi umethibitisha?"

"Bado." Alikaa. Akatoa simu, akaiweka mapajani. "Nimekuja kukuomba kitu, Mwalimu. Naogopa. Usiniambie chochote. Ukae tu hapa karibu nami mpaka nibonyeze."

Nikavuta kiti changu karibu na chake, nikakaa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na sita.

Hakubonyeza mara moja. Aliisoma skrini, akaiweka chini, akatazama nje, akaishika tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mara moja alinigeukia, na nadhani kama angeona uso wangu umesema kitu angekifuata. Kwa hiyo nilitazama ukutani, kwenye saa. Nilibana meno mpaka taya likauma.

Kisha nikasikia kidole kikigusa kioo, na ule mlio mdogo wa ujumbe kuingia.

"Jiolojia," alisema.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini na tano. Imemchukua dakika tisa. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na sikuwahi kumpa mwanafunzi yeyote dakika tisa.